Kukua Shingo Upande: Tanzia-Ramsa na Makuzi ya Mhusika katika Filamu "Nairobi Half Life"

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi tumezoea kufundisha aina za tamthilia kwa kuziorodhesha ubaoni: tanzia, futuhi, ramsa, tanzia-ramsa, melodrama. Mwanafunzi huzinakili, huzikariri na kuzirudisha karatasini siku ya mtihani. Ukimwuliza tanzia-ramsa ni nini, atakujibu kuwa ni mchezo wenye huzuni na furaha. Jibu hilo si kosa, ila halimwezeshi kusoma kazi yoyote. Matanga mengi ya kijijini huwa na vilio na vichekesho kwa pamoja, na hatuyaiti tamthilia.

Lengo la makala hii ni kuifafanua dhana hiyo kwa kutumia kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuiona kwa macho yake: filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka wa 2012. Makala itaonyesha pia kuwa filamu hii ni kisa cha makuzi, yaani kisa kinachomfuata kijana tangu ujana wake wa kutangatanga hadi anapobanwa kuwa mtu mzima. Makuzi yenyewe hayaji kwa hiari. Mhusika hukua shingo upande.

Maelezo haya yanamlenga hasa mwalimu anayefundisha katika sehemu kama Nunguni, mji mdogo ulio juu ya vilima vya Kilungu katika Kaunti ya Makueni. Kutoka hapo Nairobi si mbali. Matatu hushuka vilima, huingia barabara kuu ya Mombasa na kufika jijini baada ya saa chache. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa kidato cha tatu asiye na kaka, binamu au jirani aliyeondoka kwa njia hiyo baada ya mtihani, akiwa na begi moja na nambari ya simu ya mtu aliyeahidi kumpokea. Baadhi yao hutuma pesa nyumbani. Wengine hawapigi hata simu. Kwa darasa la aina hiyo, filamu hii si habari ya watu wa mbali.

Filamu kwa muhtasari

Nairobi Half Life ilitokana na warsha za kuwafunza watengenezaji filamu wa Afrika, kwa ushirikiano wa One Fine Day Films ya Ujerumani, inayohusishwa na mwongozaji Tom Tykwer, na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mswada uliandikwa na Serah Mwihaki, Charles "Potash" Matathia, Samuel Munene na Billy Kahora. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza mhusika mkuu, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Durban mwaka wa 2012.

Mhusika mkuu ni Mwas, kijana anayeishi kwa wazazi wake mashambani. Anauza DVD za filamu za mapigano, na ili wateja wanunue huwaigizia vipande vyake hadharani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Waigizaji kutoka Nairobi wanapofika mjini kwao, mmoja anamwahidi nafasi akitoa shilingi 1,000. Mwas ana 500 tu. Anazitoa na kuambiwa azipeleke zilizosalia katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi. Mamake anampa pesa kidogo za safari. Binamu yake, ambaye ni kiongozi wa genge, anamkabidhi mitambo ya muziki ya bei kubwa na pesa aziwasilishe katika duka moja jijini.

Siku ya kwanza Nairobi anaporwa kila kitu, kisha anatiwa mbaroni. Katika seli anakutana na Oti, mhalifu mwenye moyo wa ukarimu, anayemwingiza katika kundi lake pamoja na Mose, Waf na Kyalo. Kazi yao ni kuiba vipuri vya magari. Wakati uo huo Mwas anafanya majaribio ya uigizaji na kupata nafasi katika mchezo wa kundi la Phoenix Players. Basi anaishi maisha mawili nusu nusu: usiku mwizi, mchana mwigizaji. Binamu anapompata na kumdai mali yake, Mwas analipa deni kwa kukubali kuiba gari zima, na analishawishi kundi limfuate. Polisi wafisadi wanaingia katika biashara hiyo. Mwishoni kundi linakamatwa na kupelekwa mahali pa kuuliwa. Rafiki zake wanakufa. Mwas ananusurika na kwenda kupanda jukwaani, kwa kuwa mchezo wake ni jioni hiyo hiyo.

Tanzia-ramsa ni nini hasa?

Ili kutoka kwenye fasili ya "huzuni na furaha", inafaa mwalimu atenganishe namna tatu ambazo kicheko na kilio hukutana katika kazi moja.

(i) Kicheko cha kutuliza. Hapa tukio la kuchekesha huingizwa katikati ya tanzia ili hadhira ipumue. Mfano maarufu ni wa bawabu mlevi katika Macbeth ya Shakespeare, anayetokea mara tu baada ya mfalme kuuawa. Ukimwondoa bawabu, mfalme atabaki amekufa vilevile. Kazi ya aina hii bado ni tanzia.

(ii) Hatari inayoishia heri. Hapa kisa huelekea mautini kisha hupinduka dakika za mwisho. Wengi wetu tunakumbuka The Merchant of Venice, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Kisu hunolewa mahakamani, lakini hakimwagi damu. Huzuni hutangulia, furaha hufuata, na kila moja ina zamu yake.

(iii) Kicheko na kilio vyenye chanzo kimoja. Hapa jambo lile lile linalotuchekesha ndilo linaloleta maafa. Huwezi kuondoa kimoja ukabaki na kingine. Hadhira hucheka, na baadaye hugundua kuwa ilikuwa ikiichekea mbegu ya msiba.

Nairobi Half Life ni ya namna ya tatu. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha chanzo hicho kimoja ndani ya kazi ameielewa tanzia-ramsa. Anayeorodhesha matukio ya furaha upande mmoja na ya huzuni upande mwingine bado hajaielewa.

Chanzo kimoja: kipawa cha kuigiza

Chanzo cha kicheko katika filamu hii ni kipawa cha Mwas cha kujigeuza mtu mwingine. Tukifuatilie kipawa hicho hatua kwa hatua.

Kwanza, tunakutana nacho sokoni. Kijana mwembamba anajifanya shujaa wa filamu za Marekani, anapigana na hewa, anafoka, anaanguka, na watu wanacheka na kununua. Kipawa ni cha biashara, na hakimdhuru mtu.

Pili, kinamtia mtegoni. Mwas, ambaye kazi yake ni kuwapumbaza wateja kwa maigizo, anapumbazwa na mwigizaji mwingine na kutoa shilingi 500. Hiki ni kinaya kizuri cha kuwafunza wanafunzi: muuza maigizo anauziwa maigizo. Tunacheka, lakini pesa hizo ndizo zinazomfungulia njia ya kwenda Nairobi, na njia hiyo ndiyo inayompitisha kwa binamu.

Tatu, kinamwokoa. Ndani ya seli Mwas analazimishwa kusafisha choo kilichochafuka kupita kiasi. Tukio hili huwachekesha watazamaji huku likiwatia kichefuchefu. Mwas hakai kulia. Anaifanya kazi hiyo na kutoka akiwa na heshima ambayo hakuwa nayo alipoingia. Hata hivyo heshima hiyo ndiyo inayomtambulisha kwa Oti, na Oti ndiye mlango wa uhalifu.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, kipawa kinaua. Binamu anapodai gari, kundi la Oti linasita. Wao ni wezi wa vipuri, wanajua ukubwa wa hatari wanayoweza kuibeba. Anayewashawishi kwa ahadi ya pesa nyingi zaidi ni Mwas. Ulimi ule ule uliouza filamu sokoni ndio unaoliuzia kundi wazo la kuiba magari. Mwanzoni mwa filamu wateja walinunua maigizo yake kwa shilingi chache. Safari hii wanunuzi ni marafiki zake, na bei ni uhai wao.

Mwalimu akiwafikisha wanafunzi mpaka hapa, awaulize: ni wapi hasa filamu ilipoacha kuchekesha? Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ni dalili ya kazi nzuri. Hakuna mstari uliochorwa kati ya ramsa na tanzia, kwa sababu Mwas mwenyewe hakuuona alipouvuka.

Makuzi: jando lisilo na wazee

Visa vya makuzi si vigeni katika riwaya ya Kiswahili. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi (1975), Tumaini anatapanya urithi wake katika starehe za mjini, anakuja kutulia na kuwa mkulima mwenye mali, kisha siasa ya Ujamaa inapoligusa shamba lake anaua na kuhukumiwa kifo. Kongowea anajua anachokitafuta. Tumaini hajui, na anapokipata ananyang'anywa. Mwas yuko kati ya hao wawili: ana ndoto, lakini anaishi kwa kubahatisha. Kila hatua kubwa ya maisha yake huamuliwa na mtu mwingine, awe tapeli, mporaji, polisi, Oti au binamu. Yeye hufuata tu, akitegemea kuwa uchangamfu wake utamtoa popote atakapokwama.

Hapa mwalimu wa Ukambani ana hazina ya kulinganishia. Katika jamii ya Wakamba, makuzi hayakuachiwa bahati. Palikuwa na jando lililoitwa nzaiko, ndogo na kubwa. John Mbiti, mwanazuoni aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, ameeleza katika African Religions and Philosophy (1969) jinsi vijana wa nzaiko ya pili walivyopelekwa kumkabili mbusya, yaani kifaru. Kifaru huyo hakuwa mnyama. Lilikuwa umbo lililoundwa kwa miti na vijiti, na ndani yake mtu alinguruma kwa sauti ya kuogofya. Kijana alitetemeka kwelikweli, lakini wazee waliokuwa kando yake walijua kuwa kifaru ni wa maigizo.

Tukilitazama jambo hilo kwa jicho la mhakiki wa tamthilia, nzaiko iliweka mchezo kati ya kijana na kifo. Kijana alijifunza kuogopa na kusimama imara bila kupoteza uhai, na aliporudi nyumbani huenda aliucheka woga wake mwenyewe. Hofu na kicheko vilikaa chini ya ulinzi wa wazee.

Mwas hana ulinzi huo. Kifaru anayekutana naye Nairobi ni wa kweli, na wakubwa waliopaswa kusimama kando ndio walio ndani ya kifaru wakinguruma. Binamu, aliye badala ya kaka mkubwa, anamtumia. Polisi, walio badala ya wazee wa sheria, wanauza na kuua. Mtu pekee anayemlea ni Oti, kijana mwenzake asiye na mlezi pia. Ni jando linaloendeshwa na wasiotahiriwa, na ndiyo maana linamwaga damu kuliko lilivyokusudia.

Kwa mantiki hiyo, jukwaa la Phoenix Players lina maana kubwa kuliko kutimia kwa ndoto. Ndipo mahali pekee katika filamu nzima ambapo hofu huigizwa badala ya kutendwa, mbele ya watu waliokaa kimya kumtazama kijana. Mwas hulirudia jukwaa hata baada ya mauaji kwa sababu hana nyumba nyingine ya kukulia. Anapopanda jukwaani jioni ile, kwa mara ya kwanza haigizi ili kuuza, kudanganya wala kujiokoa. Anaigiza akiwa anajua gharama. Huko ndiko kukua kwake, na hakuna anayeweza kumpongeza, kwa kuwa wanaojua alikotoka wamekwisha kufa.

Wahusika wengine

Usawiri wa wahusika wengine unasaidia kuyaona makuzi ya Mwas.

Oti (aliyeigizwa na Olwenya Maina) ni mhusika sambamba. Ana ukarimu, uaminifu na uwezo wa kuongoza, sifa ambazo zingemfaa mtu yeyote mwenye kazi halali. Kinachomtofautisha na Mwas si tabia. Mwas ana mlango wa pili, yaani ukumbi wa maigizo, na Oti hana. Mwanafunzi akiliona hilo hatakimbilia kusema kuwa mmoja ni mwema na mwingine mwovu.

Cedric, mwigizaji mwenza wa Mwas, anawakilisha vijana wa jiji wanaofika ukumbini bila kulazimika kuiba. Kupitia kwake tunapima umbali kati ya watu wanaosimama kwenye jukwaa moja.

Amina, anayefanya biashara ya mwili katika nyumba ya wageni, ana uhusiano usio thabiti na Oti, na Mwas anaanza kumpenda. Mwas anapompeleka kutazama filamu tunapata mojawapo ya nyakati chache za utulivu. Mwalimu anaweza kuuliza kama Amina amepewa safari yake mwenyewe ya kukua, au amewekwa tu ili tuone moyo wa Mwas. Huo ni udhaifu unaofaa kujadiliwa wazi, kwani uhakiki haumaanishi kusifu peke yake.

Kyalo ni mwanachama wa genge. Mwanafunzi wa Nunguni hahitaji kamusi ili kujua kuwa jina hilo kwa Kikamba ni "safari". Filamu haimfanyi Kyalo kuwa mhusika mkubwa, lakini jina lake linalikumbusha darasa kuwa genge la Nairobi limeundwa na vijana waliopewa majina na wazazi wao, katika vijiji vyenye watu wanaowangoja.

Lugha na mandhari

Wahusika wanazungumza Kiswahili, Sheng, Kikikuyu na Kiingereza, na huchanganya ndimi kulingana na mahali walipo. Mwalimu asiliruke jambo hili kwa kuogopa kuwa Sheng itaharibu insha za wanafunzi. Lugha katika filamu ni kipimo cha makuzi. Mwas anapowasili, usemi wake unamtangaza kuwa mgeni, na wageni huporwa. Kadiri anavyozama katika kundi ndivyo anavyozungumza kama wao. Ukumbini anahitajika kuzungumza kwa namna nyingine kabisa. Kila lugha ni vazi, na Mwas hujifunza kuvaa na kuvua upesi. Kipawa kile kile cha kujigeuza kinaonekana tena.

Mwanafunzi wa Kilungu analijua hili kwa maisha yake: Kikamba nyumbani, Kiswahili na Kiingereza darasani, Sheng ndani ya matatu. Mwache aeleze ni lini hubadili lugha na kwa nini. Akimaliza, atakuwa ameeleza dhima ya lugha katika usawiri wa wahusika bila kukariri.

Mandhari nayo yanatumika kwa kinaya. Kijijini kuna nafasi pana na hakuna kazi. Jijini kuna kazi na hakuna nafasi. Seli, chumba cha kupanga, gereji za vipuri na nyumba ya wageni ni mahali pa kubanana. Jukwaa ndilo eneo la wazi pekee ambalo Mwas analipata Nairobi. Neno "nusu" katika anwani ya filamu linaweza kufasiriwa kwa njia nyingi: maisha ya kugawanyika kati ya wizi na sanaa, kati ya kijiji na jiji, au maisha yaliyokatizwa kabla ya kukamilika. Mwalimu akubali kila fasiri yenye ushahidi.

Mtego wa "funzo"

Yamkini kosa kubwa tunaloweza kulifanya tunapofundisha filamu hii ni kukimbilia funzo. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya "unajifunza nini?" ataandika: "Jiji ni baya. Vijana wakae nyumbani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Methali hiyo ni yetu na ina hekima, lakini tuipime dhidi ya filamu. Mama wa Mwas hakukosa kumlea. Alimpa hata akiba yake. Ulimwengu ulimfunza kijana aliyekwisha kufunzwa. Aidha, kama filamu ingetaka kumwadhibu kwa kuondoka nyumbani, ingemuua yeye. Badala yake inawaua wenzake na kumwacha hai akiwa na jukumu juu ya vifo vyao. Hiyo si adhabu ya hadithi za watoto. Ni mzigo wa mtu mzima.

Isitoshe, funzo la "kaeni nyumbani" ni la uongo kwa wanafunzi wetu. Mashamba ya vilima vya Kilungu yamegawanywa na kugawanywa tena. Wengi wataondoka, tupende tusipende. Wanachohitaji kutoka kwa fasihi ni uwezo wa kutambua, wakiwa safarini, ni nani anayewauzia maigizo na ni lini wao wenyewe wanawauzia wengine.

Pia funzo la haraka huficha lawama ya mamlaka. Kundi la Oti haliuliwi na "jiji". Linauliwa na maafisa wa polisi waliokuwa wakinufaika na wizi wake. Filamu haikulizua jambo hili. Mwaka wa 2009, Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alizuru Kenya na kuripoti kuwa polisi walikuwa wakiua watu mara kwa mara bila kuchukuliwa hatua. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ilianzishwa kisheria mwaka wa 2011, mwaka mmoja kabla ya filamu kutolewa. Mwalimu anapojadili maudhui ya ufisadi na ukiukaji wa haki, ayape muktadha huu ili mwanafunzi asidhani kuwa ni chumvi ya msanii.

Kuitumia darasani

Filamu hii ina matusi, ukatili na maonyesho ya mapenzi yasiyofaa kuonyeshwa darasani bila kuchujwa. Mwalimu aitazame yote kwanza, achague vipande na kuwasiliana na uongozi wa shule. Vipindi vitatu vinatosha.

Kipindi cha kwanza: onyesha kipande cha Mwas akiuza DVD. Wanafunzi waorodheshe mbinu anazotumia kuivuta hadhira: sauti, mwili, uso, utani. Baadaye waeleze namna mbinu hizo zingeandikwa kama maelekezo ya jukwaani katika tamthilia. Zoezi hili huwafaa pia wanaojiandaa kwa tamasha za drama na filamu za shule.

Kipindi cha pili: simulia au onyesha sehemu ya seli na ile ya Mwas akilishawishi kundi. Wanafunzi watambue kipawa kile kile katika hali mbili na waeleze matokeo yake. Hapa ndipo pa kuileta fasili ya tanzia-ramsa, baada ya mfano na wala si kabla yake.

Kipindi cha tatu: linganisha na kitabu kinachotahiniwa. Katika tamthilia wanayosoma, kuna kicheko kinachozaa msiba? Ni mhusika yupi anayekua bila kutaka? Mwenye kushindwa kupata mfano aruhusiwe kusema kuwa haupo, mradi athibitishe.

Shule isiyo na projekta isivunjike moyo. Mwalimu anaweza kusimulia kisa kama fanani, na wanafunzi wakaigiza vipande vitatu vilivyotajwa. Katika kazi inayohusu nguvu ya kuigiza, njia hiyo haina upungufu mkubwa.

Maswali ya mjadala

1. "Mwas ndiye chanzo cha vifo vya rafiki zake." Jadili ukirejelea filamu. (alama 20)

Mwongozo: Mtahiniwa azingatie pande zote mbili. Upande wa kukubali: alipokea mali ya binamu bila kuuliza, alikubali kuiba gari ili afute deni, alilishawishi kundi lililosita, aliendelea na wizi hata baada ya kupata nafasi ukumbini. Upande wa kupinga: aliporwa siku ya kwanza, deni lilitokana na uporaji huo, kundi lilikuwa likiiba kabla hajafika, binamu alimshurutisha, polisi ndio waliofyatua risasi. Hitimisho la mtahiniwa lizawadiwe kwa uzito wa hoja, si kwa upande aliouchagua.

2. Fafanua jinsi kinaya kilivyotumika kuunganisha ramsa na tanzia katika filamu. (alama 10)

3. Linganisha makuzi ya Mwas na ya mhusika yeyote kijana katika riwaya uliyosoma. (alama 20)

4. Tunga tukio moja ambapo Mwas anarudi kijijini mwaka mmoja baadaye. Anawaambia nini vijana wanaotaka kwenda Nairobi? (alama 20)

Swali la nne lisahihishwe kwa makini. Wanafunzi wengi watamfanya Mwas ahubiri. Watakaomfanya anyamaze, au atanie kisha akwame katikati ya utani, watakuwa wameielewa filamu zaidi.

Hitimisho

Tumeona kuwa tanzia-ramsa haipimwi kwa wingi wa vicheko na vilio. Hupimwa kwa kuuliza kama vinatoka mahali pamoja. Katika Nairobi Half Life vinatoka katika kipawa cha kijana mmoja cha kujigeuza, kipawa kinachomlisha, kinachomwokoa, kinachowaangamiza wenzake na hatimaye kinachompa mahali pa kusimama. Tumeona pia kuwa makuzi yake yanasikitisha kwa sababu amekabiliana na kifaru bila mzee kando yake. Nzaiko haitarudi kama ilivyokuwa, na darasa la fasihi haliwezi kuchukua nafasi yake yote. Linaweza, hata hivyo, kufanya sehemu moja ya kazi yake: kumpa kijana hofu ya kuigiza, pamoja na mtu mzima wa kuijadili naye, kabla matatu haijaondoka.